Aliyemuuguza Baba Yake

Hapana, hanywi. Najua ndilo ulilotaka kuniuliza. Kila mtu akisikia ini anauliza hilohilo, tena anashusha sauti kama anaulizia nguo ya ndani: "Eti bibi, kijana wako anatumia?" Hatumii. Ameokoka yule. Hata soda ikitoa povu jingi anaitazama kwanza. Baba yake ndiye aliyekuwa anajua msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, kuliko msimu wa mahindi, lakini mtoto, hapana. Hilo tuliondoe hapa tuendelee.

Mwanangu wa mwisho ni seremala hapa Njombe mjini. Anatengeneza vitanda na milango. Mimi ni mtu wa Kifanya, nilikuja kwake nimlelee mjukuu kwa miezi mitatu, na miezi mitatu yenyewe haijaisha mpaka leo. Mkwe wangu ananivumilia. Akiwa amekasirika anasema, "Mama, karibu chai," kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku. Nikimwigiza anacheka, yanaisha.

Sasa, mkwe alipokwenda kujifungua, hospitali wakasema ndugu wajitolee damu. Mwanangu akajitolea. Mtoto akazaliwa salama, mama salama, tukarudi nyumbani, tukasahau. Wiki kadhaa zikapita, simu ikalia. Dada mmoja sauti laini, kama anauza mafuta ya nywele: "Habari yako kaka. Tunaomba ufike kituo cha damu. Siyo dharura, lakini ufike."

Siyo dharura lakini ufike! Mtu akikwambia hivyo, vaa viatu uende.

Alirudi jioni akakaa kwenye kitanda alichokuwa hajamaliza, kile hakina hata chaga. Akasema, kama anatoa tangazo kanisani, "Nina virusi vya homa ya ini. Ile wanayoita B. Wanasema ninavyo muda mrefu." Mkewe akaanza kulia. Mimi nikasema, "Homa? Homa si inapona?" Kwa kweli hakuwa na homa yoyote. Alikuwa na nguvu zake, anabeba mbao peke yake, anakula ugali sahani mbili. Mtu mzima kabisa ameambiwa anaumwa na yeye hajui anaumwa wapi.

Wakampima mkewe, hana. Mtoto alishachanjwa. Wakasema na mama mzazi apimwe. Nikaenda, nikatoa mkono, nikamwambia yule nesi, "Chukua taratibu, hiyo damu ni ya zamani, haipatikani tena madukani." Akacheka. Siku ya majibu hakucheka. Ninavyo na mimi. Vimelala tu humo ndani, miaka yote hiyo, nalima navyo, nazaa navyo. Daktari akanieleza kwamba huenda mtoto alivipata kwangu siku ile ninamzaa, au alipokuwa mdogo mdogo. Akaongeza, "Siyo kosa lako, mama." Watu wakikwambia siyo kosa lako, ujue wameshalipima hilo kosa wakaona linakutosha.

Huyo daktari ni binti mdogo, siyo wa huku. Ukimwona unajua tu, maana koti la kazi amelivaa juu ya sweta mbili na bado anatetemeka. Anaongea haraka, maneno yanakimbizana: "Mama-kaa-hapa-kaka-wewe-sogea-tuone-majibu." Ni mtu mzuri lakini. Alituambia siku hiyo tumekuja kufanya hesabu. Mwanangu akatoa karatasi zake za vipimo, zilikuwa nyingi, amezikunja ndani ya Biblia. Binti akashika simu yake, akasema ndani ya simu kuna hesabu ya kukadiria. Kwamba mtu mwenye virusi hivi, ndani ya miaka kumi ijayo, uwezekano wake wa kupata saratani ya ini ni mkubwa kiasi gani. Unaingiza vitu, inatoa pointi.

"Umri?"

Akataja. Thelathini na nne. Pointi kidogo.

"Mwanaume." Akabonyeza. Pointi.

Nikasema, "Ngoja, daktari. Kuwa mwanaume tu, basi, kuna pointi?"

"Ndiyo mama, wanaume wanapata zaidi."

"Nilikuwa najua hawa watu wana kasoro," nikamwambia, "sikujua kwamba imeshaandikwa."

Akacheka mpaka akaweka simu chini. Mwanangu hakucheka. Alikuwa anatazama ile simu kama mtu anayetazama mizani ya mwenzake.

Akaingiza chembe za damu zile zinazogandisha damu kwenye kidonda. Zimepungua kidogo, siyo sana. Akaingiza wingi wa virusi. Akauliza pombe, tukasema hapana. Akauliza mahindi yenye ukungu tunayafanyaje. Nikamjibu kwa ukweli, kwa sababu hakuna aibu kwenye hilo: yaliyooza kabisa anakula nguruwe, yenye ukungu kidogo tunachambua, tunakausha, tunapikia komoni, pombe yetu ya mahindi. Nani anatupa mahindi? Akanikodolea macho. "Mama, ule ukungu una sumu ya ini." Nikamwambia ukungu huo nimeuona tangu sijaota meno. Akasema, "Ndiyo hivyo." Komoni ile nilipika mimi, walikunywa wengine, na nimesahau ni wangapi wameshakufa na kwa nini.

Kisha akauliza lile swali. Hata hakuinua kichwa.

"Kwenye ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kuwa na saratani ya ini? Baba, mama, kaka?"

"Hakuna," nikasema.

"Baba yake yupo?"

"Alikufa."

"Kwa nini?"

"Alirogwa."

Nilisema kama mtu anavyosema aligongwa na gari. Mwanangu akaniangalia, akaangalia sakafu. Watu waliookoka hawapendi neno hilo, lakini hata yeye hajawahi kuambiwa sababu nyingine. Binti akainua kichwa sasa.

"Alirogwaje, mama? Alikuwa anaumwa nini?"

"Tumbo. Tumbo la kutupiwa. Lilivimba likawa kama la mjamzito, miguu ikabaki vijiti."

"Macho?"

"Ya njano. Hata kucha."

"Alikonda?"

"Ndani ya miezi mitatu alikuwa ameisha."

Akaweka kalamu juu ya meza. Kwa mara ya kwanza akaongea polepole. Akasema hawezi kuapa, hakumwona marehemu, lakini anavyosikia inaweza kuwa ini. Inaweza kuwa saratani yenyewe. Kama ni hiyo, hesabu ya mwanangu inabadilika. Atakuwa siyo wa kuja mara moja kwa mwaka kupima damu na kurudi nyumbani. Atakuwa wa kupigwa picha ya tumbo kila miezi sita bila kuruka, na dawa waanze kuifikiria mapema. "Alilazwa? Nani alimuuguza? Nani alizungumza na madaktari?"

Nikaanza kufunga upya kanga yangu. Mwanangu akajibu, "Baba mdogo. Yuko Makambako."

"Basi mkamuulize. Faili la zamani hivyo hatutalipata tena. Yeye atakuwa anakumbuka."

Kwa siku hiyo akaandika haijulikani. Simu ikatoa namba. Alitamka namba yenyewe, mwanangu aliishika, mimi ilinipita. Nilichoshika ni kwamba uchukue watu mia wanaofanana na mwanangu, umri wake, damu yake, halafu usubiri miaka kumi, ndani yao wachache watapata na wengi hawatapata.

Nikauliza, "Hao mia wako wapi?"

"Hawapo, mama. Ni hesabu."

"Na huyu wangu yuko kwa wachache au kwa wengi?"

Binti akavuta sweta zake. "Hilo hesabu haisemi. Inasema kundi, haimsemi mtu mmoja."

Mimi sijasoma, lakini kwetu tunajua kukadiria. Mnunuzi wa mbao anakuja, anaingia shambani, anazunguka mti mmoja, anaukumbatia, anasema huu mbao kumi na mbili, ule ni mbovu ndani. Anakosea, lakini anakuwa ameusema ule mti, ule pale. Huyu binti na simu yake walikuwa wanasema msitu. Nilitaka auguse mti wangu aseme. Hakuweza, na sikuwa na haki ya kumkasirikia, nikakasirika hivyohivyo.

Baada ya hapo mwanangu akabadilika. Anapiga randa mbao, mara anaacha, anaweka mkono ubavuni kulia chini ya mbavu, anabonyeza. Nikimuuliza, "Panauma?" anasema, "Hapana, nasikiliza." Anasikiliza ini! Mvua zilipoanza alikwenda Kifanya kupanda miti kwenye kile kipande chake. Alikuwa na miche ya kutosha kipande chote. Alipanda nusu, nusu akawagawia majirani. Nikamuuliza, akasema, "Mama, mti unataka miaka mingapi?" Nikamwambia unajua mwenyewe. Akasema, "Basi, nusu inatosha."

Kila Jumapili akitoka kanisani anasema, "Mama, twende Makambako." Mimi nina kikohozi. Jumapili nyingine nina mguu. Nyingine mjukuu analia. Nilimwambia baba yake mdogo hajui kitu, ni mtu wa kujifunga mwenyewe, utaongea naye mpaka mate yakauke. Akaniambia, "Mama, ni swali moja tu." Mkwe naye akanisimamia mlangoni, hakunikaribisha chai siku hiyo. Akasema, "Mama, wewe unaogopa nini? Anayehesabiwa ni mume wangu."

Sikumwigiza. Nikavaa viatu.

Ngoja nieleze huyu shemeji yangu ni nani. Ni mdogo wake marehemu, wanafuatana. Mume wangu alipoanza kuvimba, ndugu wengine walitaka apelekwe kwa mganga. Huyu peke yake akasema hospitali. Akampeleka, akalala naye kule wiki mbili, anamwosha, anampikia uji, anamlisha kwa mkono wake. Marehemu hakutaka kula kwa mtu mwingine, hata kwangu. Alipokufa, watu wakaanza: aliyemlisha ni nani? Kabla ya ugonjwa walikuwa wamegombania mpaka wa shamba la miti, kila mtu alisikia. Mtu unagombana naye, halafu unamlisha uji kwa upendo hivyo? Basi. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana hadharani. Tuliacha tu kula mikononi mwake. Akileta mahindi ya kuchoma, hakuna anayenyoosha mkono. Akitoa sigara, mtu anasema ameacha. Mke wake akipika msibani, chakula kinarudi kama kilivyo. Alivumilia msimu mmoja, akahamia Makambako. Siyo mbali, gari unapanda asubuhi unarudi mchana. Sikuwahi kwenda kwake. Nilimwona mara mbili tatu sokoni kule, nikageukia nyanya nikaanza kuzikagua kama nitazioa.

Tulimkuta pale malori ya viazi yanapopakia. Kazi yake ni kushona magunia. Viazi vinajazwa mpaka vinamwagika, wanaweka majani juu, yeye anafunga mdomo wa gunia kwa shazia, ile sindano kubwa, na kamba. Amezeeka. Mgongo umepinda kama ameokota kitu akasahau kunyanyuka. Alituona tangu mbali, nina hakika, kwa sababu aliinamia gunia zaidi.

"Kamwene, shemeji," nikasema.

"Kamwene."

Mwanangu akapiga magoti pale kwenye vumbi na maganda, akamshika baba yake mdogo mikono yote miwili, sindano ikiwemo. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umefanana naye."

Akatusogezea magunia mawili yaliyoshonwa, tukakaa juu ya viazi. Kulikuwa na mama anauza uji hapohapo pembeni, harufu inatufikia, na shemeji hakusema karibuni uji. Hakusema karibuni hata maji. Siyo roho mbaya. Alishajifunza.

Mwanangu akamweleza yote. Damu, simu, karatasi za ndani ya Biblia, ile hesabu. Akamwambia, "Daktari anataka kujua baba alikufa kwa nini. Ukinijibu, wataniweka kwenye kundi langu."

Shemeji akaendelea kushona. Anaongea kupitia puani, taratibu, na kila jambo analianza hivihivi: "Kwa kweli ya Mungu..." Mtu unaweza kupika maharage yakaiva kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Nilikuwa namwigiza tangu nimeolewa. Shemeji na shemeji ni utani, kwetu unaruhusiwa, hata mbele ya baba mkwe.

"Kwa kweli ya Mungu," akasema, "ilikuwa ini. Saratani ya ini. Daktari wa wakati ule alikuwa mzee, alinichukua pembeni akanichorea kwenye karatasi. Akanionyesha ini lilivyo na uvimbe ulivyokaa. Akasema imetokana na ugonjwa wa ini wa muda mrefu, unaambukiza, unaweza kuwa nyumbani kwenu."

Mwanangu akafumba macho. Sikujua kama ni afadhali au ni balaa. Nadhani hata yeye hakujua. Alikuja kutafuta jibu, amelipata, na sasa jibu linampeleka kwenye kundi baya. Akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, "Kila miezi sita." Kisha akamuuliza, bila hasira, kama mtoto, "Baba mdogo, mbona hukusema?"

Sindano ikasimama.

"Nilisimama," shemeji akasema. "Siku ya kuanua tanga. Aliyeuguza ndiye anayesimama kueleza ugonjwa, unajua. Nilisimama."

Alisimama, ni kweli. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka na wajane wenzangu, nimefunikwa kanga, siku nne sijala. Watani walikuwa wameshaanza vituko vyao, wamevaa koti la marehemu, wanatembea kama yeye akitoka kwenye ulanzi, watu wanacheka na kulia. Huyu akasimama, kofia mkononi. Akaanza, "Kwa kweli ya Mungu, daktari alinichukua mimi pembeni..." Nikamwona. Amesimama pale mzima, ana mikono ile iliyomlisha. Chini ya kanga nikatoa sauti yake, puani hivyohivyo: "Kwa kweli ya Mungu, nilimpa uji mimi, akashiba akalala." Wote wakasikia. Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena. Wazee walicheka, watani walianguka chini. Yeye akarudia, "Daktari alisema..." na mimi nikarudia, "Daktari alisema..." kila neno analotoa ninalo mimi kabla halijafika kwa watu. Alijaribu mara ya tatu. Akavaa kofia, akakaa.

Nilikuwa nimefiwa. Namwambia kila mtu hivyo na ni kweli, nilikuwa nimefiwa. Haisaidii kitu.

Pale kwenye viazi nilitaka kumkatiza. Nilitaka kusema jambo la kuchekesha, mdomo wangu wenyewe ulikuwa umeshajiandaa, lakini mwanangu alikuwa amemkazia macho baba yake mdogo.

"Ulitaka kuwaambia nini?"

"Kwamba ni ini. Na kwamba daktari ameagiza watoto wote wapimwe. Alisema wakijulikana mapema wanafuatiliwa, wasije wakashtukia mwisho kama baba yao."

"Wapimwe lini?"

"Wiki ileile."

"Mimi nilikuwa na miaka mingapi?"

Shemeji akachoma shazia kwenye gunia, akavuta kamba, akafunga fundo, akaikata kwa meno. Hakunitazama mimi, alimtazama yeye.

"Ulikuwa darasa la pili. Mama yako alikuwa anachekesha watu."